Anti, nimetoa kilo tisa kwa wiki tatu, niendelee au niache?

Wapendwa wasomaji, meseji nyingi zilizoingia mwezi huu zinahusu kupungua, nadhani ni kwa sababu msimu wa sendoff na harusi unakaribia na kila mtu kashapewa kitambaa apeleke kwa fundi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko zote kwa sababu naona wengi wenu mko hapo hapo alipo huyu dada.

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Kimara, miaka 34, urefu sm 162. Mdogo wangu wa mwisho ana sendoff baada ya miezi mitatu na mi ndo dada mkubwa, nitakaa mbele ukumbi mzima unanitazama. Nilikuwa kilo 104. Kuna dada mmoja Insta anauza programu ya siku 30, ukilipia anakuunga kwenye grupu la WhatsApp, asubuhi maji ya limao na tangawizi, mchana mayai mawili na tango, jioni yai moja na tango au epo basi, ugali wali chapati marufuku. Sa hivi wiki tatu nimefika 95. Watu wananisifia kweli, ila Anti kichwa kinauma kila siku, juzi nimesimama ndani ya mwendokasi nikaona giza nusu nidondoke, moyo unaenda mbio hata nikiwa nimekaa, na usiku silali, naangalia video za mapishi mpaka saa saba. Mwaka jana nilifanya programu ya mtu mwingine kama hii hii nikatoa 14, nywele zikapukutika, alafu ndani ya miezi saba zikarudi 17. Rafiki yangu ananiambia nipungue taratibu nusu kilo kwa wiki lakini naona nusu kilo ni utani, nitafika lini? Na mama mkwe naye anasema nimekonda watu watasema mwanae hanilishi. Nimalizie siku tisa zilizobaki au niache?
*Dada mkubwa, Kimara*

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la haraka: usizimalizie hizo siku tisa, leo leo kula. Usijazie sahani kwa kulipiza, anza na uji, ndizi, maharage kidogo, samaki, mboga, na uongeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na kesho asubuhi nenda hospitali yoyote iliyo karibu na wewe, useme wazi kabisa umekula nini wiki tatu hizi, kwamba umeona giza na moyo unaenda mbio. Waombe wakupime umeme wa moyo, potasiamu, wingi wa damu na sukari. Sikutishi bure. Mtu anayejinyima hivo anapoteza maji na chumvi za mwili kwa wingi, na moyo unategemea hizo chumvi kupiga sawasawa. Miaka ya 1970 kule Marekani ilivuma dayati ya kunywa protini ya maji tu bila chakula kingine, makumi ya watu wakafa, wakiwemo wanawake ambao hawakuwahi kuambiwa wana shida ya moyo, mapigo yalivurugika tu ghafla. Kwaiyo giza la kwenye mwendokasi usilichukulie kwamba ndo mwili unatoa sumu kama wanavyosema kwenye hayo magrupu.

Sasa tuje kwenye kilo tisa zako, maana hizo ndo zinazokushika usiache. Tupige hesabu wote. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwaiyo kilo tisa za mafuta ni karibu kalori 69,000, ukigawa kwa siku 21 inakuwa zaidi ya 3,000 kila siku. Mwanamke wa uzito na urefu wako, asiyefanya kazi za sulubu, anatumia kama 2,400 kwa siku. Unaona? Hata ungefunga wiki tatu nzima usitie kitu mdomoni usingeweza kuchoma mafuta kilo tisa. Kwa makadirio yangu mafuta uliyotoa hayazidi kilo tano au tano na nusu, na pengine ni pungufu ya hapo. Kilichobaki ni maji, ni utumbo kuwa mtupu, na ni misuli. Wanga unaoliwa mwili unaweka akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia kama gramu tatu za maji, ukikata wanga ghafla akiba inaisha na maji yake yanatoka, ndo maana wiki ya kwanza mzani unashuka mpaka unafurahi na kupost. Siku utakayokula wali sinia moja tu maji yanarudi, utapanda mzani ukute kilo mbili zimeongezeka, utasema wali umeninenepesha kwa usiku mmoja, utaanza tena njaa. Haya magrupu yanaishi kwa mzunguko huo.

Hiyo ya misuli ndo inaniuma zaidi kwa sababu haionekani. Unaponyimwa chakula na protini haitoshi mwili unatafuna misuli pia, na misuli ndo inakubeba kupanda ngazi na ndo inakula nishati hata ukiwa umelala. Mayai matatu kwa siku ni protini gramu 18 hivi, haikutoshi kabisa. Alafu uzito ukirudi haurudi kama misuli, unarudi kama mafuta, kwaiyo mtu aliyetoa 14 na kurudisha 17 kama wewe mwaka jana hayupo pale alipoanzia, yuko nyuma zaidi. Na nywele zile zilizopukutika ni matokeo ya njaa hiyo hiyo, kwa kawaida zinaanza kudondoka miezi miwili mitatu baadae, mtu keshasahau sababu anaanza kulaumu dawa ya nywele au salon. Jambo lingine ni vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, vinawapata zaidi watu wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, we umeenda kilo tatu. Ukisikia maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula usiseme ni vidonda vya tumbo, kapige picha ya tumbo hospitali.

Na hizo video za mapishi saa saba usiku mdogo wangu usijione mlafi au huna msimamo. Mwaka 1944 mpaka 1945 Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya nzuri waliojitolea, akawalisha kama kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita, na hapo angalia, ni chakula kingi kuliko unachokula wewe. Walipungua kama robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanaongea chakula, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi wakati kabla hawakujali kabisa mambo ya jiko, wakawa na hasira, huzuni, baridi muda wote. Walipofunguliwa walikula mpaka wakashangaa wenyewe, tumbo limejaa lakini njaa ipo pale pale. Hao ni wanaume waliopimwa akili na mwili kabla ya kuingia. Njaa ya muda mrefu inamfanyia hivo mtu yeyote, haina cha dhaifu wala jasiri.

Kwa nini zinarudi? Mwili ukiona chakula kimekata unafanya kama nyumba ambayo mshahara umechelewa, unabana matumizi. Kule Marekani kuna shindano la TV la watu wanene kupungua, mazoezi masaa mengi na chakula kidogo, watafiti wakawafuatilia washiriki 14 na matokeo yakatoka 2016. Ndani ya wiki 30 walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadae walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Miaka sita jamani! Na kule Melbourne, Australia, mwaka 2011 walionyesha kwamba mtu akishapungua kwa dayati kali ya wiki kumi homoni zinazoleta njaa zinabaki juu na zinazoshibisha zinabaki chini hata mwaka mmoja baadae. Kwaiyo ulivyorudisha zile 17 haikuwa uzembe wako, ulikuwa unapigana na mwili ulioamini kuna njaa nchini.

Hapa sasa nisikudanganye, maana wataalamu wenzangu wengi wanapenda kusema pole pole ndo inadumu na haraka inarudi, basi, wamemaliza. Sio rahisi hivo. Mwaka 2014 Melbourne hapo hapo walitoa utafiti wa watu 200, nusu wakapungua haraka kwa wiki 12, nusu taratibu kwa wiki 36, wote chini ya wataalamu. Wa haraka waliofikia lengo walikuwa wengi kuliko wa taratibu, asilimia 81 kwa 50. Baada ya miaka karibu mitatu makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha karibu asilimia 70 ya walichotoa. Yote mawili! Mimi ninachojifunza hapo ni kwamba spidi peke yake haikuokoi wala haikumalizi, kinachoamua ni utakula nini baada ya dayati kuisha, na kama utaweza kula hivo mwaka ujao na mwingine, kwenye nyumba yako, na watoto wako, kwa hela yako. Programu ya siku 30 uliyonunua haina siku ya 31. Muulize huyo dada siku ya 31 unakula nini uone atajibu nini, nadhani atakuuzia programu ya pili.

Ndo maana nakwambia chukua njia ya rafiki yako, ila usiichukue kama adhabu ya kusubiri. Wewe ukipunguza kama kalori 500 kwa siku utatoa karibu nusu kilo kwa wiki, mwanzoni inaweza kuzidi, kwa miezi mitatu ni kilo sita mpaka nane. Uzito ulioanza nao, 104, asilimia 5 tu ni kilo tano na kitu, asilimia 7 ni kama saba. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha watu waliokuwa karibu kupata kisukari wakilenga asilimia 7 hiyo pamoja na dakika 150 za kutembea kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, ikashinda hata kidonge cha kisukari cha metfomini walichopewa wenzao ambacho kilishusha kwa 31. Nusu kilo sio utani.

Hizo kalori 500 zinatoka wapi bila kuacha kuishi? Mimi siku zote naanza na jiko kabla ya sahani. Uliza nyumbani kwako mafuta ya kupikia yanaisha kiasi gani kwa mwezi. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu wanne inayomaliza lita tano kwa mwezi ikishuka mpaka tatu, hapo tu kila kichwa kimepunguza kama kalori 140 kwa siku bila mtu kulala njaa, na hela imebaki. Acha kumimina kutoka kwenye dumu, pima kwa kijiko, mchicha hauhitaji kuogelea, kisamvu kikiwa na nazi usikiongezee mafuta tena. Kingine ni vya kunywa. Soda moja ya chupa ina sukari vijiko vya chai nane au tisa, chai vikombe vinne kwa siku kila kimoja vijiko vitatu ni vijiko 12, na hiyo unaihesabu kama hujala kitu. Shusha mpaka kijiko kimoja kwa kikombe, alafu uone baada ya wiki tatu ile ya vijiko vitatu utaisikia kama sharubati. Wengi mmemsikia Profesa Mohamed Janabi, yule daktari wa moyo, akiongelea habari za sukari na vitambi tangu akiwa hapa nyumbani kabla hajaenda WHO kanda ya Afrika, kwenye sukari naungana naye kabisa.

Ugali na wali usiviache. Narudia usiviache, kwa sababu utakuja kuvila tu, we ni mtu wa Dar, utaenda msibani, utaenda kwa mama mkwe, utafuturishwa kwa majirani. Jifunze kuvila kwa kipimo: ugali kama ngumi yako moja, nusu ya sahani iwe mboga, matembele, mchicha, bamia, kabichi, kachumbari, robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, kunde, choroko, vibua vya Ferry, kuku asiye na ngozi, yai. Hivi vyote vipo sokoni na maharage na dagaa ni bei rahisi kuliko hilo epo unalonunua. Protini kila mlo, hata asubuhi, ndo inakukinga na zile njaa za saa kumi jioni zinazokupeleka kwenye chipsi mayai. Kwa mama ntilie sema kabisa wali nusu mboga nyingi, atakuelewa, wanaosema hivo siku hizi wengi. Chipsi mayai yenyewe isiwe haramu, iwe ya mara moja kwa wiki na uile mchana ukiwa huna njaa kali, sio saa nne usiku ukiwa umeshinda na tango.

Mwili nao ufanye kazi. Shuka vituo viwili kabla utembee, na mara mbili tatu kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu, kukaa na kuinuka kwenye kiti, kusukuma ukuta, kunyanyua dumu la maji, huhitaji kulipia jimu, hiyo ndo inatunza misuli isitafunwe. Wale 14 wa kwenye TV walipofuatiliwa waliorudisha uzito kidogo ni wale waliokuwa wanautumia mwili zaidi. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, umeshatoka chooni, hujanywa chai, uandike. Ukiongezeka kilo usikimbilie limao, angalia wiki yako ilikuwaje. Na ulale, mtu asiyelala njaa yake ni mbaya sana.

Kuhusu ukumbini, fundi mwambie akupime mwezi mmoja kabla, aache nafasi ya kubana, utapendeza ukiwa na nguvu za kucheza muziki mpaka mwisho, sio unaingia na keki umeshikwa mkono. Mama mkwe muelewe, kwa kizazi chake mtu akikonda ghafla ni ugonjwa au ni mateso ya ndoa, na tusisahau miaka ile ya ukimwi kabla dawa hazijapatikana watu wamezika sana. Mwambie mama napima presha na sukari, daktari kasema nipungue kidogo, alafu mpikie hicho chakula chenye mafuta ya kijiko ale na wewe. Na mumeo ajue, maana akiendelea kuleta chipsi usiku kwa mapenzi hutaweza peke yako.

SWALI

Anti mambo. Natembea kila jioni Mwenge mpaka Makumbusho mwezi wa pili huu na sijapungua hata robo. Chakula sijabadilisha. Shida nini?
*Kijana wa Mwenge*

JIBU

Poa mdogo wangu. Shida umeiandika mwenyewe, chakula hujabadilisha. Nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa mtu wa kilo 80 hivi inachoma kama kalori 150, ambayo ni soda moja, na wengi tukishatembea tunajipa zawadi pale pale kituoni. Usiache kutembea lakini, tafadhali sana, kwa sababu presha, sukari, usingizi na mawazo vyote vinapata nafuu hata mzani usiposhuka, WHO wanataka angalau dakika 150 kwa wiki na we inaonekana umeshapita. Ongeza tu ule utaratibu wa sahani na mafuta niliomwandikia dada wa Kimara, upime baada ya mwezi.

SWALI

Shikamoo Anti, nina mtoto wa miezi minne namnyonyesha, tumbo limebaki na nyama uzembe pembeni. Kuna chai ya tumbo flati wanauza mtandaoni wanasema ni mitishamba tupu haina madhara, nimeonja ya rafiki yangu siku mbili nikaendesha sana lakini tumbo likaingia. Ninunue?
*Mama kichanga, Ubungo*

JIBU

Marahaba. Usinunue. Kuendesha ndo kazi ya chai nyingi za aina hiyo, zinawekwa sanamaki ambayo bibi zetu waliitumia kwa mtu aliyefunga choo, siku moja mbili basi. Inatoa choo na maji, mafuta yenyewe haiyagusi, maana chakula kimeshanyonywa juu huko kabla hakijafika inapofanyia kazi. Kinachonitisha zaidi ni kisichoandikwa kwenye paketi. Kuna dawa inaitwa sibutramini, ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya matatizo ya moyo na kiharusi, na mpaka leo wakaguzi nchi mbalimbali wanaikuta imefichwa kwenye chai na vidonge vinavyoitwa asilia. Bidhaa ya kupungua isiyosajiliwa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usiinywe, na wewe unayenyonyesha usinywe kabisa, kitu usichokijua kinaweza kupita kwenye maziwa.

Miezi minne ni mapema mno mama, mwili ulichukua miezi tisa kutanuka. Kula vizuri, punguza sukari na maandazi, tembea na mtoto jioni jua likishuka, na ukienda kliniki ya mtoto muulize nesi kama misuli ya tumbo imeachana, ana namna ya kukushika akajua, kuna mazoezi yake mepesi.

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni mfanyabiashara Kariakoo, miaka 46, kilo 112. Kisukari niligundulika miaka mitatu iliyopita, natumia metfomini na glibenklamaidi, na dawa ya presha. Mke wangu kasoma kwamba Uingereza watu wamekula kalori 800 kwa siku kisukari kikaondoka, ameshaanza kunipangia supu. Nataka kuanza Jumatatu. Ni kweli au uongo?
*Mzee wa mzigo*

JIBU

Marahaba kaka. Ni kweli, ila Jumatatu usianze.

Utafiti wenyewe ulifanyika Scotland na kaskazini mashariki ya England, ukiongozwa na Roy Taylor na Mike Lean, matokeo ya kwanza yakatoka 2017. Watu karibu 300, nusu yao wakapewa supu na vinywaji maalumu vyenye vitamini na madini yote, kama kalori 825 mpaka 850 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, alafu chakula cha kawaida kikarudishwa kidogo kidogo, na baada ya hapo walifuatiliwa kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, na kati ya waliotoa kilo 15 au zaidi ilikuwa 86. Baada ya miaka miwili ikashuka mpaka 36, na waliorudi nyuma wengi ni waliorudisha uzito. Kwaiyo unaona kumbe kupungua haraka kunaweza kuwa tiba, mimi silikatai hilo hata kidogo, na mkeo kasoma vizuri.

Lakini tazama walichofanya ambacho kwenye supu ya nyumbani hakipo. Waliochaguliwa walikuwa na kisukari kisichozidi miaka sita na hawakuwa wanachoma insulini. Dawa za sukari na za presha zilisimamishwa na wahudumu wa afya siku ya kwanza, na zikarudishwa kwa aliyehitaji. We unameza glibenklamaidi. Hiyo dawa inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala, ukiichanganya na kalori 800 sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa unavuka barabara ya Msimbazi au umeshika usukani, mtu anazimia hivi hivi. Metfomini peke yake ni nadra kufanya hivo. Dawa ya presha nayo, mtu akipungua haraka presha inashuka yenyewe, ukiendelea na dozi ile ile unaanguka unapoinuka. Na usiache dawa mwenyewe vilevile, tafadhali.

Fanya hivi. Nenda kliniki ya kisukari, hospitali za rufaa za mkoa hapa Dar kama Amana, Temeke na Mwananyamala wanazo, beba kadi yako na dawa zote kwenye mfuko, mwambie daktari unataka kupungua kilo 15 na unaomba akupangie dawa zitakavyopunguzwa. Omba HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita, na figo na macho yaangaliwe. Akikubali njia ya kalori chache awe na ratiba ya kukuona mara kwa mara na we uwe na kipimo cha sukari nyumbani. Akisema hapana, au ukiona huduma hiyo haipo karibu, chukua njia ya taratibu, ukifika kilo 15 kwa mwaka mzima badala ya miezi minne bado ni kilo 15, na kongosho haliulizi ulitumia muda gani. Hata kwenye hiyo ya taratibu dawa zitahitaji kupunguzwa njiani, kwaiyo kliniki huikwepi.

Tangu leo weka glukosi au pipi za sukari mfukoni na dukani pia. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali ya ghafla au kichwa kuchanganyikiwa, kunywa maji yenye sukari vijiko vya chai vinne, kaa chini, pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado rudia, ikipanda kula kitu. Vijana wako wa dukani waonyeshe, na waambie ukiwa umezimia wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Na siku ya kliniki nenda na mkeo, yeye ndo mpishi, daktari atataka kujua nyumbani mnakula nini na saa ngapi.